Kwao Majumba ya Opera, Kilwa Boma: Stori ya Majukwaa ya Wadachi na Kijana wa Pwani ya Lindi

Ukishuka Kilwa Kivinje mpaka ufukweni, boma la Mdachi unaliona mwenyewe bila kuonyeshwa. Limekaa pale linatazama bahari, kuta nene, madirisha matupu, miti imeanza kujipenyeza kwenye mawe. Kwa wapenda picha ni sehemu kali. Ukiwahi asubuhi, jua likiwa linatoka baharini, huhitaji filta yoyote.

Ila kuna swali ambalo wachache wanajiuliza wakiwa wamesimama pale na simu mkononi. Hawa waliojenga boma hili, kwao walikuwa wanajenga nini?

Kwao walikuwa wanashindana kujenga majumba ya opera. Kumbi zenye dari za kuchorwa, viti vya mahameli, taa za kuning'inia na majukwaa ambayo ungeweza kuingiza kijiji kizima. Pwani ya Kilwa na Lindi haikupata hata ukumbi mmoja wa aina hiyo. Ilipata boma, kodi na kitanzi.

Lakini stori haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye mtoto wa pwani hiihii aliichukua ile vita ya babu zake na Mdachi, akaipandisha jukwaani kwa Kiswahili, halafu akaenda kusomea mambo ya jukwaa Berlin kwenyewe. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inabidi kuanza kule kwao.

Kila mtawala na jukwaa lake

Opera ni nini? Chukua mchezo wa kuigiza, waigizaji waimbe badala ya kuongea, kisha weka kundi kubwa la wapiga fidla, filimbi na tarumbeta mbele ya jukwaa. Kama umewahi kuona taarabu ya zamani, ile yenye fidla nyingi na watu wametulia kusikiliza, nusu ya picha tayari unayo.

Sasa, Ujerumani haikuwa nchi moja mpaka mwaka 1871. Kabla ya hapo ilikuwa ni mkusanyiko wa falme na himaya ndogondogo, kila moja na mtawala wake, jeshi lake na majivuno yake. Mtawala asiye na ukumbi wa opera alionekana hajakamilika. Ndiyo maana mpaka leo Ujerumani ina nyumba za opera zaidi ya 80. Zilizaliwa na mashindano ya kuoneshana.

Mwaka 1742 mfalme Friedrich II wa Prussia alifungua nyumba ya opera Berlin, kwenye barabara maarufu ya Unter den Linden. Alikuwa na haraka kiasi kwamba shoo ya kwanza ilipigwa jengo likiwa halijamalizika. Dada yake, Wilhelmine, aliyekuwa ameolewa mji wa Bayreuth, naye hakukubali kubaki nyuma. Binti yake alipoolewa mwaka 1748, ukumbi mzima wa opera ulijengwa kwa ajili ya sherehe hiyo, ndani ni mbao tupu zilizochongwa, zikapakwa rangi na dhahabu. Watu wa pwani wanajua harusi, lakini hiyo ilikuwa ya kiwango kingine.

Ukumbi huo wa Bayreuth uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012. Na hapa ni pazuri kwa mtu wa Kusini kutabasamu kidogo, maana magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha hiyohiyo mwaka 1981. Kilwa ilitangulia kwa miaka 31.

Ndani ya kumbi hizi kila mtu alikaa kwa cheo chake. Katikati, juu, likawa boksi la mtawala, limepambwa kuliko jukwaa lenyewe. Pembeni vibaraza vya matajiri na wakubwa wa serikali. Taa hazikuzimwa wakati wa onyesho, kwa sababu nusu ya watu walikuja kuonekana, siyo kuona. Ukumbi ulikuwa unamwambia kila aliyeingia nani mkubwa na nani mdogo kabla hata muziki haujaanza.

Na ziliungua sana. Mbao, mapazia, mishumaa, baadaye taa za gesi: ni suala la muda tu. Opera ya Berlin iliungua mwaka 1843. Ile ya Dresden, aliyoichora msanifu Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1841, ikateketea mwaka 1869. Zote zilijengwa upya. Hilo la kujenga upya liweke akilini, litarudi mbele.

Kaiser yuleyule, sahihi yuleyule

Agosti 1876 mtunzi Richard Wagner alifungua ukumbi wake mwenyewe hukohuko Bayreuth. Jamaa aligeuza mambo. Aliondoa vibaraza vingi vya wakubwa, akapanga viti kwa mteremko ili wote waone vizuri, akawaficha wapiga muziki chini ya jukwaa, na akazima taa. Watu wakalazimika kutazama kilichowaleta. Kaiser Wilhelm I mwenyewe alihudhuria uzinduzi.

Kaiser huyohuyo, Februari 27, 1885, aliweka sahihi kwenye hati ya kuipa kampuni ya Carl Peters ulinzi wa dola la Ujerumani katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mtu mmoja, mkono mmoja. Miaka tisa tu imepita kati ya kiti chake cha opera na ile karatasi.

Mwaka 1888 kampuni hiyo ilipojaribu kushika miji ya pwani, watu walikataa. Kilwa walikataa kwa nguvu: Septemba mwaka huo maafisa wawili wa kampuni waliuawa mjini hapo, na mnara wa kumbukumbu yao upo Kivinje hadi leo. Jibu la Berlin lilikuwa ni kumtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikachukuliwa mmoja baada ya mwingine ndani ya mwezi huohuo. Ndipo ujenzi ukaanza. Haukuwa wa kumbi.

Boma nalo, ukilitazama vizuri, lilikuwa ni jukwaa la aina yake. Limewekwa mahali ambapo kila anayeingia na jahazi lazima alione. Kuta zake zilikuwa zinasema kitu kilekile kilichosemwa na boksi la mfalme kule Berlin: nani mkubwa hapa. Tofauti ni kwamba hapa watazamaji hawakukata tiketi, na hawakuruhusiwa kuondoka.

Hassan bin Omari Makunganya alilijua hilo. Mwaka 1894 alishambulia boma la Kilwa. Alishindwa, akaendelea kusakwa, na mwaka 1895 akakamatwa na kunyongwa Kilwa Kivinje, hadharani, kwenye mwembe. Eneo hilo linaitwa Mwembe Kinyonga mpaka kesho. Kunyonga hadharani ni onyesho. Lina waliopangiwa kutazama, lina muda wake na lina ujumbe wake. Hiyo ndiyo shoo ambayo utawala wa Kaiser uliileta Kilwa.

Njoo sasa mwaka 1905. Julai, watu wa Nandete, kwenye milima ya Matumbi nyuma ya Kilwa, wanang'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Vita ya Majimaji imeanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji na kuwaunganisha makabila ambayo jana yalikuwa hayaelewani, ananyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Vita inasambaa Kusini yote.

Desemba 9 mwaka huohuo, Dresden, kwenye ile nyumba ya Semper iliyojengwa upya, inaoneshwa kwa mara ya kwanza opera ya Richard Strauss iitwayo Salome. Inasimuliwa kwamba wasanii waliitwa tena jukwaani mara 38 kwa makofi. Wakati makofi yanapigwa, askari wa dola lilelile walikuwa Kusini wanachoma mashamba na maghala ya chakula, kwa sababu uongozi wa jeshi ulishaamua kwamba njaa itamaliza kile ambacho risasi haikukimaliza. Makadirio ya wanahistoria yanafika hadi watu 300,000 waliokufa, wengi wao kwa njaa.

Hakuna anayesema mwimbaji wa Dresden ndiye aliyechoma shamba la Matumbi. Lakini ni nchi moja, na mwaka mmoja. Ukisimulia upande wa makofi peke yake, umesimulia nusu.

Jukwaa lilikuwepo kabla ya boma

Kuna kosa moja ambalo ni rahisi kulifanya hapa, nalo ni kudhani kwamba pwani ilikaa kimya ikisubiri mtu aje na ukumbi. Hapana.

Pwani ilikuwa na sanaa ya jukwaa bila kuwa na jengo la jukwaa. Uwanja ulitosha. Ngoma za harusi, za jando na unyago, za kupunga, za mashindano ya mtaa na mtaa, zote zilikuwa na waigizaji, mavazi, nyimbo za mafumbo na watazamaji wanaojua kuhukumu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi hizo za pwani kwa kirefu katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Mtoro mwenyewe aliishia Berlin, akafundisha Kiswahili, na akafia hukohuko mwaka 1927.

Halafu ikaja beni. Vijana wa miji ya pwani waliangalia gwaride la wazungu, sare, vyeo na tarumbeta, wakavichukua vyote na kuvifanya ngoma yao. Vikundi viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vikawa na wafuasi mji hadi mji, vina majenerali wake, makapteni wake na wafalme wake. Hakuna aliyewapa vyeo hivyo, walijipa. Mtu aliyeshinda mchana kutwa anaamrishwa, jioni alikuwa anaamrisha kikosi chake mbele ya mtaa mzima, na mtaa unashangilia. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Lakini muziki wa dansi uliokuja baadaye mijini una deni kwao.

Kwa hiyo Mdachi hakuikuta pwani isiyo na maonyesho. Aliikuta pwani ambayo kila mtu ni mtazamaji leo na mchezaji kesho. Hakukuwa na boksi la mfalme.

Kijana wa pwani aliyefika Berlin

Mwaka 1943, wakati Mdachi ameshaondoka na Mwingereza ndiye anatawala, alizaliwa kwenye pwani hii ya Lindi mtoto aliyeitwa Ebrahim Hussein. Alikua akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 ukachapishwa mchezo wake, Kinjeketile. Wengi wa waliosoma fasihi shuleni, Tanzania na Kenya, wamekutana nacho, wengine kwa mapenzi na wengine kwa sababu ya mtihani.

Kinachosahaulika kwenye mtihani ni ujasiri wake. Hussein hakuandika stori ya shujaa asiyekosea. Kinjeketile wake ni mtu anayeona kwamba neno alilolitoa limekuwa kubwa kuliko yeye, na watu wanakimbilia vitani kabla ya wakati. Mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Siyo kwa sababu bado anaamini maji yanazuia risasi. Anakataa kwa sababu akikana, watoto wa baadaye wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania ardhi yao.

Yaani ile vita ambayo kwenye ripoti za kikoloni ilikuwa ni fujo za washenzi, kwenye jukwaa la Hussein ikawa ni swali: imani inayowaunganisha watu ina gharama gani, na nani anailipa?

Miaka ya 1970 Hussein akaenda Berlin Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, akapata shahada ya uzamivu. Mada yake? Maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki.

Hapa tulia uangalie ramani. Jengo kuu la Humboldt lipo kwenye barabara ya Unter den Linden. Ukitoka mlangoni ukavuka barabara, upo kwenye nyumba ya opera ya Friedrich II, ileile ya mwaka 1742. Ukitembea kidogo kuelekea mtoni unafika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1892, ambamo Bertolt Brecht na mtunzi Kurt Weill waliitikisa Ujerumani mwaka 1928 kwa mchezo wa kuimba uliowapandisha jukwaani wezi na ombaomba badala ya wafalme. Tangu mwaka 1954 ukumbi huo ni makao ya kundi la Berliner Ensemble, ambalo Brecht alilianzisha pamoja na mkewe Helene Weigel.

Brecht hakutaka mtazamaji alie kisha aende kulala. Alitaka mtazamaji akumbuke muda wote kwamba hili ni igizo, ahukumu, na akitoka nje awe na swali. Msimulizi anaweza kusimama katikati akaongea na watu, wimbo unaweza kukata tukio, pazia si lazima. Mtu wa pwani akisikia hayo atasema: kumbe! Ndivyo hadithi zinavyotambwa nyumbani. Mtambaji anasema, watu wanaitikia, anaimba, anageuka kuwa sungura, anageuka kuwa yeye tena, na hakuna anayedanganyika kwamba sungura yupo kweli.

Mwaka 1976 Hussein akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Hizo ni kazi za mtambaji mmoja anayebeba kijiji kizima kwa sauti yake, kwa mapigo ya ushairi. Hazihitaji taa za kuning'inia wala boksi la mfalme. Zinahitaji uwanja, sauti na watu. Alifika kwenye mji wa majumba makubwa, na alichokiandika kinaweza kuchezwa chini ya mkorosho.

Mgeni mwingine kutoka Lindi

Chuo hichohicho cha Humboldt kilikuwa na kitu kingine cha kutoka Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru. Mamia ya vibarua wa Kitanzania, ambao majina yao wageni wa makumbusho hawayajui, walichimba na kuibeba kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo zaidi ya mita 13. Yupo mpaka leo kwenye makumbusho ya viumbe asilia, ambayo enzi za masomo ya Hussein yalikuwa chini ya Humboldt.

Kwa hiyo miaka hiyo chuo kimoja kilikuwa na wageni wawili wa kutoka pwani moja. Mmoja alibebwa kwenda kutazamwa na hakurudi. Mwingine alienda mwenyewe kutazama, na alirudi.

Kilichobomoka na kilichojengwa upya

Vita ya Pili ya Dunia ilizipiga zile nyumba za opera bila huruma. Ya Berlin ilipigwa mabomu mwaka 1941, ikatengenezwa, ikapigwa tena mwaka 1945, ikafunguliwa upya mwaka 1955. Ya Dresden iliharibiwa usiku wa Februari 13, 1945. Watu wa Dresden walikaa na gofu lao miaka 40 kamili. Februari 13, 1985 wakafungua milango tena, wakapiga opera ileile ambayo ilikuwa ya mwisho kuoneshwa kabla ukumbi haujafungwa kwa sababu ya vita.

Hawakujenga kwa sababu wamekosa sehemu ya kuona shoo. Walijenga kwa sababu waliona mji usio na jukwaa lake umepoteza mahali pa kujitazama.

Kusini nako majengo yanabomoka. Boma la Kivinje linaendelea kuliwa na chumvi na mizizi. Kule Mikindani, mkoani Mtwara, boma la Mdachi la mwaka 1895 lilikarabatiwa, leo ni hoteli, kwa hiyo inawezekana. Wapo wanaouliza kwa haki kabisa: kwa nini watu wahangaike kutunza nyumba ya aliyewanyonga babu zao? Swali zuri. Labda jibu ni kwamba nyumba haimilikiwi na aliyeijenga tu. Inamilikiwa pia na waliobeba mawe, na waliohukumiwa ndani yake.

Hebu fikiria Kinjeketile ikichezwa usiku mmoja ndani ya kuta hizo za Kivinje, mawimbi yakisikika nyuma, kiingilio ni bure kama ngoma ya zamani. Kijana wa Matumbi anacheza Kinjeketile. Mtu wa Lindi anacheza askari wa Mdachi. Watazamaji wamekaa popote, hakuna wa boksi. Na pale mahali ambapo zamani watu walilazimishwa kutazama, safari hii wametazama kwa kupenda, na wakimaliza wanarudi nyumbani wakibishana njia nzima.

Hapo boma litakuwa limepata kazi yake halali, baada ya miaka zaidi ya 130. Na gharama yake haifikii hata taa moja ya kuning'inia kule Dresden.